Mwongozo kamili wa kupanua hospitali ya kufundishia tiba ya wanyama chuoni: fuata njia ya mnyama kuanzia getini

Chuo kinapoongeza udahili wa tiba ya wanyama, jambo la kwanza kuombewa fedha huwa ukumbi wa mihadhara. Ukumbi unajengwa, viti vinajaa, kisha mwaka wa tano unafika na wanafunzi kumi wanamzunguka mbwa mmoja, wawili wakiwa wameshika kitu na wanane wakitazama migongo ya wenzao. Upanuzi wa hospitali ya kufundishia huanzia kwa mnyama: anaingilia wapi, anasimama wapi, kinyesi chake kinakwenda wapi, na akifa anatolewa kwa njia ipi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua ukubwa wa vyumba.

Mwongozo huu ni wa rasi wa ndaki (mkuu wa koleji ndani ya chuo), wakuu wa idara, meneja wa miliki na msanifu majengo wanaokaa meza moja kupanga kazi hiyo. Umechukulia mazingira yanayojulikana Morogoro, Kabete au Kampala: maji ya mgao, umeme unaokatika, ng'ombe wengi chotara na wa asili, mbuzi, kuku, punda, mbwa wanaoongezeka mwaka hadi mwaka, na farasi wachache sana.

Hatua ya 1: Hesabu wagonjwa kabla ya vyumba

Chukueni daftari la wagonjwa la miezi 12 iliyopita na kuligawa kwa aina ya mnyama, ugonjwa, mwezi na saa ya kufika. Kama daftari halijakamilika, anzeni kulijaza leo, na msimwite msanifu hadi mpate angalau miezi mitatu ya takwimu safi. Kisha andikeni kila mwanafunzi anatakiwa kufanya nini kwa mikono yake kabla ya kuhitimu. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 orodha ya stadi ambazo daktari wa mifugo anapaswa kuwa nazo siku ya kwanza kazini. Ianzieni hapo, kisha muongeze mahitaji ya nchi yenu.

Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 80, ambapo kila mmoja anatakiwa kuongoza upasuaji wa kuhasi mara tatu. Hizo ni operesheni 240 kwa mwaka. Mzunguko wa kliniki ukiwa wa wiki 30, ni operesheni nane kwa wiki. Mwanafunzi hutumia karibu saa mbili kwa operesheni moja tangu mnyama alale hadi mshono wa mwisho, kwa hiyo meza moja inachukua mbili kwa siku. Mkifanya upasuaji siku tatu kwa wiki, meza moja inabeba sita na meza mbili zinabeba kumi na mbili. Meza mbili zinatosha, na nafasi ya dharura inabaki. Katika kila operesheni weka wanafunzi watatu: mpasuaji, msaidizi na mwangalizi wa usingizi, kisha wabadilishane.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba shida haitakuwa meza. Shida itakuwa kupata mbwa wanane kila wiki, na jengo haliwaleti. Wanaletwa na makubaliano na halmashauri kuhusu kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa na uhasi, kliniki ya mtaani siku maalumu, bei ya huduma ambayo mwananchi wa kawaida anaimudu, na usafiri wa kumchukua na kumrudisha mnyama. Kwa ng'ombe na mbuzi, mgonjwa hasafiri kwa urahisi, hivyo gari imara la kliniki tembezi, lenye maboksi ya vifaa, tangi la maji la lita 100 na viti vya wanafunzi sita, hufundisha wengi kuliko wodi yenye zizi tupu. Litengeeni fungu la mafuta na matairi tangu mwanzo. Magari mengi ya kliniki hufia kwenye matairi wakati injini bado nzima.

Hatua ya 2: Vibali

Kwa Tanzania, anzeni na milango minne. Baraza la Veterinari Tanzania linasimamia usajili wa vituo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira linahusika na tathmini ya athari kwa mazingira, hasa tanuri la kuchomea na maji taka. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inatoa leseni ya eksirei. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawahusu moja kwa moja wanyama mtakaowafuga kwa ajili ya mafunzo. Pelekeni michoro kwa Tume ya Atomiki kabla ya kumwaga msingi. Ukuta wa chumba cha eksirei ukikataliwa baada ya kupakwa rangi, gharama yake ni ya kujenga mara mbili.

Hatua ya 3: Chora njia nne kwenye karatasi moja

Kabla ya msanifu kuchora ukuta wowote, chukueni ramani ya kiwanja na kalamu za rangi nne. Rangi ya kwanza ichore njia ya mnyama mzima anayekuja kwa chanjo. Ya pili, mnyama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Ya tatu, mzoga na taka. Ya nne, wanafunzi. Njia ya pili na ya tatu zisikutane kabisa na ya kwanza. Njia ya wanafunzi ianzie kwa wanyama wazima na kuishia kwa wagonjwa wa kuambukiza, wala isirudi nyuma bila kupitia sehemu ya kunawa na kubadili ovaroli.

Makosa yanayojirudia ni haya. Lango moja kwa wote, mtoto wa mbwa asiyechanjwa akae benchi moja na mbwa anayeharisha damu. Chumba cha uchunguzi wa mizoga kuwekwa upande upepo unakotokea, harufu ikaingia wodini na kantini. Mabanda ya mbwa kupakana na madarasa, mhadhiri akashindana na kubweka. Na barabara ya lori kutofika kwenye zizi, ng'ombe aliyelala akaburutwa mita hamsini. Acheni uwanja wa kugeuzia wenye kipenyo cha mita 20 hivi, maana dereva wa Fuso aliyebeba ng'ombe mgonjwa hawezi kurudi kinyumenyume kati ya miti.

Hatua ya 4: Maji yanayoingia na maji yanayotoka

Hii ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayofunga hospitali.

Hesabuni maji ya siku moja, mfano huu uwe kielelezo: ng'ombe 12 kwa lita 80 ni lita 960, mbuzi na kondoo 20 kwa lita 8 ni 160, mbwa na paka 24, kunywa ni lita 50 hivi na kuosha vizimba lita 30 kila kimoja, yaani 720, kuosha mazizi ya ng'ombe lita 100 kila moja, yaani 1,200, upasuaji, kufua na kutakasa vifaa 1,500, watu 150 kwa lita 20 ni 3,000. Jumla ni karibu lita 7,600. Akiba ya siku tatu ni lita 22,800, kwa hiyo matangi mawili ya lita 10,000 na moja la 5,000. Wekeni la 5,000 juu ya mnara wa mita 6 lilishe upasuaji na wodi ya kutenga wagonjwa wa kuambukiza pekee, na vali yake ifungwe kwa kufuli. Bila hivyo bomba la kuosha mazizi litalimaliza asubuhi na jioni hakuna wa kunawa mikono.

Kwa maji yanayotoka, tenganisheni mikondo mitatu tangu sakafuni. Mkondo wa mazizi uende kwenye shimo la kuchuja yabisi, kisha mtambo wa bayogesi au mboji. Ng'ombe chotara mmoja hutoa kilo 20 hadi 25 za samadi kwa siku, hivyo ng'ombe 12 wanatoa kilo 250 hivi, kiasi cha kupata karibu mita za ujazo 9 za gesi. Samadi ya ng'ombe aliyedungwa oksitetrasaiklini au antibaiotiki nyingine isiingie humo, kwa kuwa dawa huua vijidudu vinavyotengeneza gesi, na mtambo unaweza kukaa wiki kadhaa bila kuwaka. Mkondo wa pili ni wa wodi ya kutenga na chumba cha mizoga, unaoingia kwanza kwenye tangi lake la kutibia kwa klorini. Wa tatu ni wa vyoo na ofisi. Formalini, dawa ya kuhifadhia viungo, haiendi kwenye mkondo wowote. Ikusanywe kwenye madumu yenye lebo na ikabidhiwe kwa mzoaji mwenye kibali.

Mabomba ya sakafuni yasiwe chini ya milimita 150 kwa mazizi, na kila kimoja kiwe na kikapu cha chuma kinachotolewa ili kukusanya manyoya, majani na mchanga. Mteremko wa sakafu ni sentimita 2 kwa kila mita. Ukizidi 3, ng'ombe anateleza na mbwa aliyevunjika mguu hasimami sawa. Ukipungua chini ya 1.5, mkojo unatuama.

Hatua ya 5: Kibanio na mazizi ya wanyama wakubwa

Vyuo vingi huota meza kubwa ya haidroliki ya kumlaza ng'ombe au farasi. Kwa mazingira yetu fedha hiyo ipelekwe kwenye kibanio kizuri, yaani njia nyembamba ya vyuma ya kumbana ng'ombe akiwa amesimama. Upasuaji mwingi wa ng'ombe hufanyika akiwa amesimama, kwa ganzi ya lidokaini ya asilimia 2 ubavuni: kufungua tumbo la kwanza kutoa waya au mifuko ya plastiki, kumtoa ndama kwa upasuaji, kurekebisha tumbo la nne lililohama. Ng'ombe anayelazwa ana hatari ya kujaa gesi na kuvuta machicha mapafuni, na mwanafunzi anayejifunzia mezani atashindwa zizini kwa mfugaji, ambako meza haipo.

Vipimo vya kibanio: upana wa ndani sentimita 70 kwa ng'ombe wa asili na 75 hadi 80 kwa chotara wakubwa. Kikiwa kipana zaidi, ng'ombe mdogo anageuka na kukwama, na hapo ndipo watu huvunjika mikono. Urefu mita 5 unachukua ng'ombe watatu, kimo mita 1.6. Nguzo ni bomba la chuma la inchi 3 lililozikwa sentimita 75 ndani ya zege, na umbali kati ya nguzo na nguzo usizidi mita 1.5. Mbele weka lango la kubana shingo linalofunguka lote, si tundu la kichwa tu, ili ng'ombe akianguka atolewe mbele. Upande wa kushoto, sehemu ya kati ya vyuma ifunguke kuanzia bega hadi nyonga, kwa kuwa hapo ndipo ubavu unapopasuliwa. Nyuma acheni mlango mdogo wa daktari wa kupima mimba, pamoja na mti wa kuzuia ng'ombe anayefuata asimpande.

Njia ya kuingilia iwe kama faneli yenye upande mmoja ulionyooka na wa pili uliopinda nyuzi 30 hivi. Zikipinda pande zote mbili, ng'ombe wawili huingia kwa pamoja na kukwamana. Sakafu ni zege lenye mifereji ya kina cha sentimita 1, iliyokatwa kwa umbo la almasi kila sentimita 12 hivi. Zege lililosuguliwa laini ndiyo sababu kubwa ya ng'ombe kupasuka nyonga hospitalini, na mafundi hulisugua kwa nia njema kabisa, wakidhani wanapendezesha kazi. Mwambieni fundi mapema, na msimamizi awepo siku ya kumwaga. Kingo zote ziwe laini, vichwa vya bolti viangalie nje. Kando acheni upenyo wa sentimita 35 ambao mtu anapita na ng'ombe hapiti. Juu weka paa, na pembeni jukwaa la urefu wa sentimita 50 ambapo wanafunzi wanane wanaweza kusimama na kuona mikono ya mpasuaji.

Ngazi ya kupakulia kutoka kwenye lori iwe na mteremko usiozidi nyuzi 20, na vijiti vya kukanyagia kila sentimita 30. Mbuzi na kondoo wanahitaji njia yao yenye upana wa sentimita 35 hadi 45, tena yenye kuta zilizozibwa. Akiona mwanga pembeni, mbuzi hujaribu kuruka.

Mazizi ya wagonjwa wakubwa yawe mita 3.6 kwa 3.6. Hapo ng'ombe analala, anageuka, na watu watatu wanaingia kumhudumia. Juu ya mawili kati yake pitisheni boriti ya chuma yenye uwezo wa tani moja na kapi ya mnyororo kwa ajili ya kumwinua aliyelala. Boriti hiyo isanifiwe na mhandisi pamoja na kuta, kwa kuwa kuiongeza baadaye juu ya ukuta wa tofali ni kukaribisha maafa. Kwa ng'ombe aliyelala siku nyingi, sakafu ya zege tupu inaua misuli ya miguu, hivyo zizi moja liwe la mchanga wa kina cha sentimita 25.

Hatua ya 6: Mbwa na paka

Vizimba vya mbwa wakubwa viwe mita 1.2 kwa 1.8, vya wadogo sentimita 90 kwa mita 1.2. Ukuta kati ya kizimba na kizimba uzibwe kabisa hadi kimo cha mita 1.2, kwa kuwa mbwa wanaoonana hawalali, na asiyelala hapati nafuu. Mfereji upite nje, mbele ya kizimba, na kila kizimba kiumwage chenyewe. Mfereji unaopita ndani ya vizimba kimoja baada ya kingine hubeba virusi vya parvo (vya ugonjwa wa kuharisha damu) kutoka mbwa wa kwanza hadi wa mwisho kwa ndoo moja ya maji. Kona za sakafu na ukuta zizungushwe. Paka wakae chumba chao, mlango wao mwingine kabisa, wasiwaone mbwa hata wakati wa kupita.

Hatua ya 7: Wodi ya kutenga

Wodi hii ijengwe kabla ya wodi ya kawaida. Iwe na mlango wake wa nje, chumba kidogo cha kubadilishia nguo, vyumba viwili vya mbwa na mazizi mawili ya wanyama wakubwa. Kila kifaa cha humo, kuanzia kipimajoto hadi fagio, kiwe na rangi moja isiyotumika kwingine, na kisitoke. Hewa ivutwe nje: chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 ni mita za ujazo 60, na kubadili hewa mara 12 kwa saa kunahitaji feni ya mita za ujazo 720 kwa saa. Jaribu kwa karatasi nyepesi chini ya mlango. Ikivutwa kuingia ndani, hali ni sawa. Ikipulizwa kutoka, feni imefungwa kinyume.

Parvo hukaa miezi kwenye mazingira, na sabuni nyingi za kuulia vijidudu haziiwezi. Sodiamu hipokloraiti inaiweza. Jiki ya dukani yenye asilimia 3.5, nusu lita ndani ya lita 9.5 za maji, inatoa mchanganyiko wa asilimia 0.175 hivi unaotosha, mradi sehemu iwe imeoshwa kwanza kwa sabuni na dawa ikae dakika 10 ikiwa majimaji. Someni lebo, kwa sababu nguvu hutofautiana na hupungua dumu likikaa juani. Dawa ikimwagwa juu ya kinyesi inaishia kwenye kinyesi. Ndiyo maana beseni la kukanyagia dawa mlangoni bila bomba na brashi ya kuoshea gamboti ni pambo tu.

Humo humo wekeni kizimba kimoja cha kufuli kwa mbwa anayeshukiwa kichaa, chenye ukuta wa kusogea unaombana bila mtu kuingia. Mbwa aliyeuma mtu na anaonekana mzima huangaliwa siku 10. Ufunguo uwe kwa mtu mmoja kwa zamu, jina lake liandikwe ubaoni. Wanafunzi wote wachanjwe kabla ya kugusa mgonjwa wa kwanza. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linapendekeza dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Karibu na mlango pawe na sinki lenye maji ya kutiririka na sabuni la kuoshea jeraha kwa dakika 15 kabla ya kukimbilia hospitali ya binadamu. Gharama ya chanjo hiyo iwe kwenye bajeti ya chuo. Kumwachia mwanafunzi ajilipie ni kumwachia achague kati ya nauli na uhai wake.

Hatua ya 8: Upasuaji wa wanyama wadogo

Chumba cha mita 6 kwa 8 kinabeba meza mbili na wanafunzi sita wanaofanya kazi. Wanaotazama wakae chumba cha jirani na kutazama skrini. Kamera moja juu ya kila meza inagharimu kidogo kuliko roshani ya vioo na inaonyesha zaidi. Pangeni vyumba kwa mfuatano: kunyoa na kulaza, kunawa, upasuaji, kuzindukia. Manyoya yaishie chumba cha kwanza.

Kiyoyozi cha ukutani hupoza hewa ileile na kuizungusha. Hakileti hewa mpya, wala hakitoi nje gesi ya usingizi ya isofluraini. Wekeni feni inayosukuma hewa iliyochujwa kuingia, hewa ibadilike mara 15 hadi 20 kwa saa, na mlango unapofunguliwa hewa isukumwe kutoka chumbani kwenda nje. Gesi inayotoka kwenye mashine ya usingizi iongozwe kwa mrija hadi nje ya jengo, mbali na madirisha. Mtambo wa kukusanya oksijeni wa lita 10 kwa dakika unapunguza sana gharama ya mitungi, lakini umeme ukikatika unakoma papo hapo, hivyo mtungi mmoja uliojaa uwe umeunganishwa tayari na swichi ya kuhamia iwe mkononi.

Otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke): vifurushi vilivyofungwa kwa kitambaa vinahitaji nyuzi 121 kwa dakika 30, kisha kukauka dakika 20 au zaidi. Kifurushi kikitoka na unyevu, hesabuni kuwa hakijatakaswa. Makosa ni kujaza hadi mvuke usipite, kuanza kuhesabu muda kabla ya joto kufika, na kutumia maji magumu ya kisima yanayoua hita kwa magamba. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa, au maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa. Utepe unaobadilika rangi unaonyesha kuwa joto lilifika tu. Kila wiki tumieni kichupa cha mbegu za bakteria *Geobacillus stearothermophilus* kuthibitisha.

Ketamini, dawa ya usingizi, na dawa zinazofanana nayo zikae kabati la chuma la kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na daftari linalolinganishwa na chupa kila mwisho wa zamu.

Hatua ya 9: Eksirei

Ukuta wa tofali gumu la sentimita 23 uliopigwa lipu pande zote ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na mtaalamu wa mionzi, ambaye ndiye atakayekokotoa unene halisi. Tofali la saruji lenye matundu halizuii mionzi vya kutosha hadi matundu yajazwe zege. Kwa ng'ombe na punda mwale huelekezwa mlalo, kwa hiyo ukuta unaopigwa unahitaji kinga zaidi, na msiweke benchi la kusubiria nyuma yake. Mlango uwe na bamba la madini ya risasi lililopishana na fremu.

Mnyama ashikiliwe na dawa ya kutuliza, mifuko ya mchanga na kamba. Mwanafunzi asiwe ndiye mfuko wa mchanga. Anayelazimika kubaki avae aproni, kinga ya shingo na kipimo cha mionzi, na arudi nyuma: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inapungua hadi robo. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Aproni zitundikwe. Zikikunjwa, risasi hupasuka ndani, na nyufa hazionekani hadi aproni yenyewe ipigwe picha. Fanyeni hivyo kila mwaka.

Hatua ya 10: Chumba cha uchunguzi wa mizoga

Kapi ya tani moja juu ya reli inayoanzia nje, gari linaposimama, hadi mezani. Chumba baridi cha nyuzi 4. Sakafu isiyoteleza, taa kali, na ukingo wa kusimamia wanafunzi wenye reli. Sehemu za viungo ziwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kiungo.

Andikeni sheria moja kwa herufi kubwa mlangoni: mnyama aliyekufa ghafla hafunguliwi kabla ya damu ya sikio kupakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa kimeta. Bakteria wa kimeta wakikutana na hewa huunda mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi, na chumba chenu kitakuwa hakitumiki.

Tanuri liwe na chumba cha pili cha moto unaofikia nyuzi 850 au zaidi, la sivyo litatoa moshi mweusi na malalamiko ya jirani. Tanuri dogo linatosha mbwa, mbuzi na taka za upasuaji. Kwa ng'ombe mzima, andaeni shimo lenye uzio mbali na maji ya ardhini. Mzoga wa mnyama aliyeuawa kwa pentobabitoni usibaki wazi hata usiku mmoja: dawa hukaa kwenye nyama, na tai, fisi au mbwa watakaoula hufa.

Hatua ya 11: Umeme na mashine

Gawanyeni mizigo kwa makundi matatu. Taa za upasuaji, mashine ya kufyonza, mtambo wa oksijeni na friji ya chanjo ya nyuzi 2 hadi 8 ziwe kwenye betri na inveta. Otoklevu, pampu na chumba baridi kwenye jenereta. Viyoyozi vya ofisi visubiri. Eksirei iwe na saketi yake na kidhibiti volti.

Kabla ya kupokea mashine ya msaada, ulizeni mambo manne kwa maandishi: ni ya volti ngapi, programu yake ina leseni inayohamishika, vipuri vinapatikana kwa nani, na nani atawafundisha mafundi wenu. Mashine ya volti 110 kutoka Marekani ikichomekwa kwenye 230 huungua siku ya kwanza. Jibu likikosekana hata moja, kataeni kwa heshima.

Hatua ya 12: Mpangilio wa ujenzi na kufungua

Jengeni kwa mfuatano huu: maji na mikondo ya maji taka, wodi ya kutenga na chumba cha mizoga, kibanio na mazizi, upasuaji na eksirei, wodi ya mbwa na paka, madarasa mwisho. Fedha zikikatika katikati, na mara nyingi hukatika, mnabaki na kitu kinachofanya kazi salama. Kliniki ya zamani isifungwe hadi mpya imepokea wagonjwa kwa mwezi mzima.

Wiki mbili kabla ya kufungua, fanyeni majaribio bila wanafunzi. Mwageni lita 200 kwa mkupuo katika kila mfereji na mtazame maji yanakoishia. Zimeni umeme wa gridi mchana, otoklevu ikiwa katikati ya mzunguko. Leteni ng'ombe mmoja mtulivu na mmoja mkali, muwapitishe kutoka lori hadi kibanio hadi zizi, na kila wanaposita muangalie kuna nini mbele yao: kivuli, mnyororo unaoning'inia, mfuniko wa mfereji unaong'aa. Ondoeni kitu hicho. Kisha mbebeni mbwa wa mpira wa kilo 30 kwa machela kupitia kila mlango. Mlango ambao machela haipiti urekebishwe wakati mkandarasi bado ana vifaa vyake kiwanjani na malipo yake ya mwisho hayajatoka.